Mwanamke wa Bango na Wanaojipima Naye

Kuna mwanamke mmoja nimemchapisha mara kumi na nne. Nywele zake ni ndefu, zimelala zote upande mmoja. Ngozi yake ina rangi ya chai ya maziwa, na anatabasamu kama mtu ambaye maishani hajawahi kukosa nauli. Jina lake silijui. Nilimtoa kwenye intaneti siku mteja wangu wa kwanza mwenye saluni aliponiambia, "Niwekee tu mrembo, yeyote yule." Leo utamkuta juu ya milango ya saluni Kondele, Manyatta, Nyalenda, hadi Ahero. Naweza kuapa kwamba hajakanyaga Kisumu, sembuse kukaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mabati saa nane mchana akisukwa matuta.

Kazi yangu ni kuchapisha mabango. Duka letu ni la chumba kimoja: mashine kubwa ya turubai, kompyuta mbili, na feni inayopiga kelele kuishinda mashine. Wateja wetu ni makanisa, wanasiasa msimu ukifika, shule za kibinafsi, waliofiwa, na watu wa urembo. Hao wa mwisho ndio walionifunza haya ninayotaka kuyaeleza. Suala la matangazo na wanawake huzungumzwa kana kwamba kuna mtu mmoja mahali fulani, Paris au New York, aliyeketi akapanga kutuharibia vioo. Nimekaa upande wa jikoni miaka kadhaa na mtu huyo sijamwona. Nimeona mikono mingi, kila mmoja una sababu yake, na wangu umo.

Chukua rangi ya ngozi. Mteja analeta picha ya msichana mweusi, mzuri, iliyopigwa kwa simu. Nikiipeleka kwenye turubai jinsi ilivyo, uso unatoka kama kivuli. Tone la wino likigusa turubai hutanuka kidogo, na penye giza matone yanashikana, kwa hiyo mashavu, pua na kidevu vinamezana. Dawa ya haraka ni kuinua mwanga. Napandisha kidogo, mteja anatikisa kichwa, "bado", napandisha tena. Tukimaliza, msichana amepanda rangi mbili kutoka ile aliyozaliwa nayo, na hakuna kati yetu aliyetamka neno "mweupe". Tulisema tu "aonekane vizuri".

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko mashine yangu. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kufuata kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, kazi imekwisha. Filamu zenyewe zilipikwa kwa ngozi kama hiyo, ndiyo maana kwenye albamu za harusi za wazazi wetu unaona shela, meno na macho, na bibi harusi mwenyewe unamkisia. Watafiti waliofuatilia historia hiyo wanaeleza kwamba waliosikilizwa mapema na Kodak ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani, ambao bidhaa zao za kahawia hazikuwa zikitofautiana pichani. Chokoleti ilitutangulia kwenye foleni. Siku hizi kampuni ya Kichina ya Transsion, yenye simu za Tecno, Itel na Infinix, imejipatia soko kubwa Afrika, mojawapo ya sababu ikiwa kamera iliyorekebishwa isome ngozi nyeusi. Hata hivyo washa kile kitufe cha urembo kwenye simu yako uone kinavyokuchonga pua na kukupa weupe usiouomba.

Na sisi huku mtaani tumeshaitia rangi bei. Kwa Sheng msichana mweupe husifiwa kuwa ana "rangi ya thao", yaani rangi ya noti ya elfu moja. Aliyebuni msemo huo huenda alikuwa anatania tu kwenye matatu, lakini alitaja jambo ambalo wachumi wa urembo huandika kurasa nyingi kulieleza: rangi inavunjwa kuwa pesa. Nani anawekwa mbele kaunta, nani anapewa fulana ya promosheni kwenye supamaketi, nani anawekwa stoo. Matangazo ya kazi yanayotaka msichana "mwenye mwonekano mzuri" hayasemi mwonekano upi, na msichana anayesoma tangazo hilo haombi maelezo. Anaelewa.

Dukani weupe huuzwa kwa maneno ya kuzungukazunguka: kung'aa, kulainisha, kuondoa madoa, kusawazisha. Hata majina hubadilishwa kwa adabu. Krimu ya Fair & Lovely, iliyotolewa na tawi la Unilever nchini India mwaka 1975, ilikaa na jina lake miaka 45 hadi 2020, mwaka wa maandamano ya kudai haki za watu weusi, ikageuzwa kuwa Glow & Lovely. Unilever hiyo hiyo ndiyo inayomiliki Dove, chapa ya sabuni ambayo tangu 2004 inaendesha kampeni ya kuwaambia wanawake kwamba ni wazuri walivyo. Sisemi kampeni hiyo ni hadaa. Naona tu kwamba pesa zote mbili zinaingia mfuko mmoja.

Zile krimu kali zina hadithi yake, na sitakaa hapo sana maana wauguzi wanaieleza vizuri kuliko mimi. Zebaki huizuia ngozi isitengeneze melanini, ile rangi yenyewe, kisha hupenya mwilini na kuumiza figo. Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, ikipakwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi yasiyotoka. Steroidi hukondesha ngozi hadi mishipa ionekane. Shirika la viwango nchini, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki ulioanza kutumika 2017 unazitaka nchi wanachama ziviondoe sokoni vipodozi vya zebaki. Bado mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu hizo, unapatikana, kwenye vikopo visivyo na maandishi. Utawajua wanaoutumia kwa vifundo vya vidole, ambavyo hukataa kubadilika. "Uso Fanta, mikono Coca-Cola," watu hucheka. Wanaocheka ndio hao hao waliomwambia mwaka jana kwamba ameungua kama sufuria.

Binti mmoja wa ukoo wa hapa Kisumu amesimulia jambo hili mbele ya dunia nzima. Lupita Nyong'o, mwigizaji wa filamu ambaye baba yake ni gavana wetu tangu 2017, alisema katika hotuba yake ya Februari 2014 huko Marekani kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu usiku aamke akiwa mweupe. Kilichoanza kumbadilisha, alisema, ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi tititi kutoka Sudan Kusini, akisifiwa kwenye majarida. Siku chache baada ya hotuba hiyo alishinda Oscar, na mwaka huo huo kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamfanya sura yake. Ungedhani mambo yameishia hapo. Novemba 2017 toleo la Uingereza la jarida la Grazia lilimweka kwenye jalada, na nywele zake za kipilipili zilizokuwa zimefungwa nyuma zikafutwa na kulainishwa kwa kompyuta. Alilalamika hadharani, akaweka picha ya awali na ile ya jalada pamoja, na mpiga picha na jarida wakaomba radhi. Mimi niliposoma habari hiyo sikumwaza mhariri. Nilimwaza fundi. Kuna mtu aliyekaa kwenye kiti kama changu, akaziona zile nywele, akahisi zimezidi, akazifuta, labda akaenda kunywa chai.

Aibu inavyotafutiwa soko

Kuna njia mbili za kuuza sabuni. Unaweza kumwambia mtu kwamba sabuni inasafisha, lakini hilo analijua. Au unaweza kumwonyesha uchafu ambao hakujua anao. Njia ya pili ndiyo imelipa zaidi, hasa kwa wanawake.

Mfano ninaoupenda ni wa jasho. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Marekani, kulikuwa na dawa ya kwapa iitwayo Odorono. Wanawake wengi hawakuiona haja yake: mtu alioga, basi. Mwaka 1919 mwandishi wa matangazo James Young akaacha kuzungumzia dawa, akazungumzia hofu. Tangazo lake lilimpa msomaji wazo kwamba huenda ananuka na hajui, na kwamba watu wanamsema akishapita. Wanawake wapatao 200 walikasirika wakajitoa kwenye usajili wa jarida lililolichapisha. Mauzo ya Odorono nayo yalipanda kwa asilimia 112 ndani ya mwaka mmoja. Nywele za kwapa zilikuwa na mkasa kama huo: Gillette ilipotoa wembe wa wanawake mwaka 1915, ilibidi kwanza nywele hizo zigeuzwe kuwa fedheha.

Jasho la Kisumu mnalijua. Ukipanda matatu ya Kondele mwezi Februari, hata dereva amelowa. Lakini tazama kwenye kabati la saluni au duka la vipodozi uhesabu ni chupa ngapi zinazomwahidi mwanamke kwamba hatatoa jasho, hatanuka kama mtu, hatakuwa na alama mapajani, visigino vyake havitapasuka, kwapa lake halitakuwa jeusi kuliko mkono. Kila chupa ilihitaji kwanza mtu wa kutangaza kwamba hapo pana kasoro. Bibi yangu aliishi na visigino vilivyopasuka miaka themanini na vikampeleka kila alikotaka kwenda.

Haimaanishi kwamba zamani hapakuwa na vipimo. Tusijidanganye na habari za enzi za ukweli mtupu. Waluo wa zamani waling'oa meno sita ya chini. Mwanya ulisifiwa. Chale zilichanjwa, shanga za kiunoni zilikuwa na lugha yake. Urembo uliuma hata wakati huo. Tofauti ni kwamba msichana alijipima na wasichana wa kijiji chake, watu aliowaona wakiamka na tongotongo, wakiugua, wakizeeka. Aliyekuwa mzuri kuliko wote alikuwa mzuri kuliko watu hamsini, na hata yeye alionekana akikohoa.

Kioo, mkono na mahali pa kusimama

Tusiangalie mwili peke yake. Mwanasosholojia Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada, mwaka 1979 alipanga mamia ya picha za matangazo akauliza swali la kitoto: mikono inafanya nini? Aliona mikono ya wanaume inashika kitu, inakibana, inakitumia. Ya wanawake inagusa tu kwa ncha za vidole, inapapasa chupa, inajishika shingo. Wanawake wameinamisha kichwa, wamelala, wanatazama pembeni kama waliopotelea mawazoni, na mwanamume amesimama wima akiangalia mambo.

Nilipojifunza hilo nilianza kuliona kila mahali, na nikaliona kwenye faili zangu mwenyewe. Tangazo la sabuni ya unga: mama amefurahi mno kwa sababu shati la mtoto ni jeupe, na mwanamume mwenye koti la maabara anamweleza jinsi ya kufua, yeye ambaye sina hakika amewahi kufua soksi. Tangazo la kiungo cha mchuzi: mama anangoja mume aonje, na uso wake hautulii mpaka mume aitikie kwa kichwa. Tangazo la tairi, ambalo nililichapisha mwenyewe: msichana ameegemea tairi. Hakuna aliyeniuliza anahusiana vipi na tairi, nami sikuuliza.

Sasa nenda Kibuye Jumapili, siku ya soko kubwa, utazame mikono. Mwanamke anakata kamba ya beli la mitumba kwa kisu, anachambua nguo, kamera (zile nzuri) upande mmoja na fagia (zile hafifu) upande mwingine, anabishana bei na wateja watatu, noti amezibana kati ya vidole. Huyo hayumo kwenye bango lolote. Sawa, siku hizi mabenki yamemgundua, yanamweka na aproni safi akitabasamu kwenye tangazo la mkopo. Aproni safi saa sita mchana Kibuye, jamani.

Utafiti umejaribu kupima gharama ya kuishi huku unajitazama kwa macho ya mtu mwingine. Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts, wanasaikolojia wa Marekani, waliieleza hali hiyo mwaka 1997: mwanamke huzoea kujiona kama kitu kinachotazamwa, na sehemu ya akili yake inabaki lindoni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka uliofuata, vijana wa chuo walivalishwa ama sweta ama vazi la kuogelea, kila mmoja peke yake kwenye chumba chenye kioo, kisha wakapewa hesabu. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walifanya hesabu vibaya kuliko wenzao wenye sweta. Kwa wavulana haikuleta tofauti. Hapakuwa na mtu wa kuwatazama chumbani. Mtazamaji waliingia naye wenyewe.

Visiwa vya Fiji na sanamu za Kibuye

Kuna utafiti mmoja ambao kila mtu wa magharibi mwa Kenya angeuelewa bila mkalimani. Katika jimbo la Nadroga, Fiji, mwili mnene ulikuwa sifa, kama ilivyo kwetu ambapo shangazi akikwambia "umenona!" amekubariki, na akikwambia "mbona umekauka hivi?" anataka kujua nani anakutesa. Televisheni ilifika huko mwaka 1995. Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa sekondari wiki chache baadaye, kisha akahoji kundi lingine mwaka 1998. Mwanzoni hakuna aliyesema hujitapisha ili apunguze uzito. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11.3. Asilimia 74 walisema angalau mara moja moja hujiona wanene mno.

Watu husimulia utafiti huo kama habari ya wasichana waliolevywa na urembo. Mahojiano yake yana jambo zito zaidi. Wasichana hao waliwatazama waigizaji na kuona watu wenye kazi, pesa, na maisha ya mjini, wakahitimisha kwamba mwili ule ndio tiketi. Kijiji kilikuwa kinabadilika, ajira za ofisini zinaingia, nao walikuwa wanasoma tangazo la kazi. Mwonekano mzuri.

Ungeweza kusema basi sisi tumeponea, kwa sababu kwetu umbo la namba nane halijatoka kwenye mtindo, na hata Marekani imeanza kulisifu. Mimi pia nilifikiri hivyo hadi nilipochunguza sanamu za kuvalisha nguo kwenye vibanda vya njiani. Mmeziona: kiuno cha nyigu, nyonga za kuziba mlango, gauni limekaa kama limemwagiwa. Zunguka nyuma. Utakuta vibanio vya kuanikia nguo, vinne au vitano, vimekamata kitambaa mgongoni. Gauni halimkai hata sanamu. Na kando ya kibanda hicho zinauzwa suruali za ndani zenye sponji, mikanda ya kubana tumbo, na vichupa vya kuongeza makalio ambavyo muuzaji mwenyewe hataki kusema vina nini. Aliyekuwa amekonda kwa kufuata jarida sasa anatafuta nyonga. Kipimo kimehama, rafu imebaki pale pale na muuzaji ni yule yule. Pengine hili la sasa ni gumu zaidi, maana linataka mwanamke awe mwembamba na mnene kwa wakati mmoja, katika sehemu zilizochaguliwa.

Kwa nini kujua hakutoshi

Wateja wangu wote wanajua picha husafishwa. Wanakuja kwangu kwa sababu hiyo. "Nipunguzie tumbo," "nitoe hivi vipele," "niguse kidogo tu." Kama kujua kungekuwa kinga, watu wa kazi yangu tungekuwa na afya kuliko wote, na mimi nisingekuwa napiga picha ishirini ili nipate moja ya kuweka WhatsApp.

Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa wenzake pale ambapo hana rula nyingine, na hasa kwa wale anaowaona wanafanana naye. Hapo pana mtego wa zama hizi. Mwanamitindo wa Paris yuko mbali, unaweza kumwacha na dunia yake. Msichana wa TikTok aliyesoma shule jirani na yenu, anayeweka picha kutoka ufukwe wa Dunga akila samaki, huyo ni mwenzako. Kampuni zimelielewa hilo, ndiyo maana tangazo limehama kutoka bango likahamia kwa jirani, na wakati mwingine jirani hasemi kwamba amelipwa. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za Facebook zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wake, zilionyesha kampuni yenyewe ilikuwa na utafiti ambamo asilimia 32 ya wasichana walisema, wanapoichukia miili yao, Instagram huwazidishia.

Tusizidishe chumvi pia. Uchambuzi wa mwaka 2002 uliokusanya tafiti 25 ulikuta kwamba wanawake hupungukiwa kuridhika na miili yao baada ya kutazama picha za wanamitindo wembamba kuliko baada ya picha nyingine, lakini athari ya kutazama mara moja ni ndogo, na inawauma zaidi walio chini ya miaka 19 na wale ambao tayari wana donda. Picha moja haimwangushi mtu. Lakini hakuna anayeona picha moja. Na donda lenyewe mara nyingi lilichimbwa nyumbani, na mjomba mwenye utani, na mwalimu aliyemwita mtoto "kiboko" mbele ya darasa. Wavulana nao siku hizi wanaletewa kifua cha vigae, ingawa soko lao bado halijafika kwenye visigino.

Serikali kadhaa zimejaribu kuandika ukweli chini ya picha. Israeli ilianza mwaka 2013, ikataka picha za matangazo zilizokondeshwa kwa kompyuta zisemwe hivyo. Ufaransa ilifuata Oktoba 2017, Norwei mwaka 2022. Nilipenda wazo hilo sana, kama mtu anayejua kiasi cha uongo kinachoingia kwenye turubai la mita tatu. Kisha mtafiti Marika Tiggemann na wenzake huko Australia wakaupima ujumbe huo, jaribio baada ya jaribio, na kwa jumla wakakuta haupunguzi kitu. Wanawake walisoma kwamba picha imeguswa, wakaamini, na wakajisikia vilevile. Wakati mwingine maandishi yaliwafanya waitazame picha kwa makini zaidi. Kujilinganisha hakungoji kibali cha akili. Macho yamekwisha kupima kabla hujafika kwenye neno la kwanza la onyo.

Mwaka jana mwenye saluni mmoja wa Manyatta aliingia dukani, akamwona yule mwanamke wangu wa mara kumi na nne kwenye kioo cha kompyuta, akasema huyo hamtaki. Alikuwa na picha yake kwenye simu: mteja wake, mama wa makamo anayekaanga samaki karibu na stendi, amesukwa matuta yaliyorudi nyuma, membamba kama nyuzi, yaliyonyooka kuliko mistari ya daftari. "Hiki ni kichwa changu," akaniambia, akimaanisha kazi ya mikono yake. "Usimguse."

Ilinichukua saa tatu zaidi ya kawaida. Badala ya kuinua mwanga usoni nilibadilisha mandhari nyuma yake, nikaondoa ule wekundu ambao kila saluni huutaka, nikapunguza wino mweusi kwenye vivuli kidogo kidogo, nikachapisha vipande vya kujaribia, nikavitupa, nikachapisha tena. Tajiri wangu, mwenye duka, alinuna kwa sababu ya turubai lililopotea. Lakini rangi yake ilitoka, ile yake yenyewe, na unaona kila tuta, na kwenye shavu la kushoto unaona alama ndogo ya mafuta ya moto.

Bango likapanda. Watu wa boda walisimama chini yake: "Huyu si mama wa samaki?" Mwenye saluni aliniambia wasichana wanakuja wakitaka "yale matuta ya mama samaki", na kwamba biashara si mbaya.

Wiki ya tatu mwenyewe alikuja, amebeba kikapu, kitambaa kichwani. Alinisalimia kwa heshima zote, akauliza habari za nyumbani, akakataa kiti. Kisha akagusa shavu. "Nyathina," yaani mwanangu, "hii mbona hukunitoa?"

Nilimweleza nilivyoambiwa. Halafu, ili aone, nikaifungua picha. Alama ikatoka kwa mibofyo miwili. Nikalainisha chini ya macho, nikainua mwanga kidogo, kidevu nikakivuta. Dakika tatu. Nikaziweka zote mbili pamoja kwenye kioo, ya kwanza kushoto, hii mpya kulia. Akaziangalia kwa muda, akacheka hadi akashika meza. "Huyu ni mimi," akasema akionyesha ya kushoto. "Huyu mwingine ni dada yangu aliyeolewa Nairobi." Hana dada Nairobi. Akaniomba nimtumie zote mbili.

Jioni nilipofungua WhatsApp, picha yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameweka ya dada yake wa Nairobi.